Wake wawili wa Ayubu

Darsa ya Ramadhani katika misikiti ya Kariakoo, Dar es Salaam, ilikuwa na watu wawili mbele. Mmoja alikuwa msomaji, kijana mwenye sauti safi na pumzi ndefu. Wa pili alikuwa sheikh, amekaa kitako, na tafsiri ya Jalalayn imefunguliwa juu ya marufaa. Msomaji alisoma aya mbili tatu kwa Kiarabu, akanyamaza. Sheikh akazifungua kwa Kiswahili: maana yake, kisa chake, sababu ya kuteremka kwake, na hukumu inayotoka humo. Kisha msomaji akaendelea pale alipoachia. Walikwenda hivyo kila siku baada ya sala ya alasiri mpaka jua linakaribia kuchwa na watu wanaanza kuinuka kwenda kufuturu.

Mimi nimezaliwa Mtaa wa Sikukuu, na nimefundisha fasihi ya Kiswahili sekondari mpaka nilipostaafu. Nikisoma maandishi kuhusu Kariakoo nakuta soko, vitenge vya jumla, msongamano wa magari, na moto wa Julai 2021. Ni kweli yote. Lakini mitaa hii ina historia nyingine ninayoijua vizuri zaidi, ya watu wa kawaida waliokaa chini wakasikiliza maneno ya kale na kubishana kwa adabu juu ya watu waliomo ndani yake. Yusufu, Ayubu, Isa, na baadaye Brutus na Shylock, wote walipita kwenye mabaraza yetu wakahojiwa kama wapangaji wapya.

Mahali penyewe palisaidia. Wajerumani walipima viwanja vya mtaa huu wa Waafrika kwa mistari iliyonyooka muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, kikosi chao cha wapagazi kikapiga kambi hapa, na jina la kikosi hicho ndilo lililobaki midomoni mwa watu. Nyumba zilizofuata zilikuwa za vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, uani nyuma, na baraza mbele. Kila chumba kilikuwa na mpangaji wake. Mzaramo alipanga ukuta kwa ukuta na Mmanyema, Mnyamwezi na Mngazija, na baadaye Mpare na Mhaya. Aliyetaka kusali peke yake aliweza. Kusikiliza peke yake hakukuwezekana.

Darsa nayo ilikuwa na kanuni zake. Swali liliulizwa sheikh akishafunga fungu, halikuulizwa katikati ya aya. Muulizaji alianza kwa salamu, akauliza moja, akashukuru hata kama jibu halikumtosheleza. Na sheikh aliyejua kazi yake hakuona haya kusema kwamba hapo wanazuoni wamekhitalifiana. Akataja kauli ya kwanza na mwenyewe, kauli ya pili na mwenyewe, akasema yeye anaegemea wapi na kwa nini, kisha akamwachia Mungu ujuzi. Nilikuwa mtoto niliposikia hayo kupitia dirishani, na hakuna somo la chuoni lililonifunza zaidi ya hapo. Nilijifunza kwamba wakubwa wanaweza kutofautiana juu ya jambo kubwa na bado kila mmoja akatajwa kwa heshima. Jalalayn yenyewe ni kazi ya mikono miwili. Iliandikwa Misri katika karne ya 15 na Jalaluddin al-Mahalli, akafariki kabla ya kuikamilisha, na mwanafunzi wake Jalaluddin al-Suyuti akaimalizia.

Mwalimu mkubwa wa Dar es Salaam katika kizazi cha babu zangu alikuwa Sheikh Hassan bin Ameir, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, khalifa wa tarika ya Kadiria na mufti aliyesikilizwa bara zima. Alikuwa pia mtu wa TANU, chama kilichozaliwa hapa hapa, jirani na soko, tarehe 7 Julai 1954. Wanafunzi wake walitoka wakawa walimu, na walimu wale wakafungua darsa zao kwenye misikiti midogo ya mitaani. Mwaka 1968 aliondoshwa bara akarudishwa Zanzibar, na Desemba mwaka ule ule baraza la Waislamu, BAKWATA, likaundwa. Wazee wengi wa Kariakoo hawakulisahau tukio hilo. Darsa ziliendelea, lakini nafasi ya yule ambaye neno lake lilimaliza ubishi ilibaki wazi.

Kisa kilichojaza watu kuliko vyote kilikuwa cha Yusufu. Sura ya 12 ina aya 111, na kisa chote kimo humo tangu ndoto ya mtoto hadi baba aliyepofuka kurudishiwa macho. Wauza nafaka walipenda kuja siku hizo, nao walikuwa na sababu. Katika manabii wote, Yusufu ndiye aliyeshika funguo za ghala.

Nakumbuka Ramadhani ya mwaka 1983. Ilikuwa miezi michache tangu Waziri Mkuu Edward Sokoine aanzishe msako wa wahujumu uchumi, na Kariakoo yote ilikuwa na hofu. Watu walizika sabuni uani, wengine wakatupa mafuta na vitambaa usiku ili visikutwe ndani. Darsa ilipofika kwa Yusufu, mfanyabiashara mmoja wa mchele aliuliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo rohoni: Yusufu naye aliweka nafaka miaka saba, je, hakuwa mlanguzi? Sheikh alichukua muda kabla ya kujibu. Alisema Yusufu aliweka mfalme akijua, watu wakijua, hesabu ikijulikana, na kwa ajili ya siku ya njaa. Mlanguzi huficha ili njaa ije mapema.

Jibu zuri. Lakini halikuishia msikitini. Jioni ile, kwenye kijiwe cha kahawa nje ya nyumba yetu, fundi cherehani mmoja Mlutheri alitoa Biblia akafungua Mwanzo 47. Humo Yusufu anawauzia Wamisri nafaka kwa fedha. Fedha inapokwisha anachukua mifugo yao, na mifugo inapokwisha anachukua mashamba na wao wenyewe, wanakuwa watumwa wa Farao. Kurani haina sehemu hiyo. Wazee wakaisikiliza mara mbili. Mmoja akasema basi huyu wa kwenu ni waziri, wa kwetu ni nabii. Fundi akajibu kwamba kwao pia ni mtu wa Mungu, na kwamba hicho ndicho kinachomkosesha usingizi: mtu wa Mungu anafanyaje hivi? Hakuna aliyemcheka. Swali lile lilijadiliwa mpaka wakati wa daku, na ninavyojua halikupata mshindi.

Kwa wanawake ilikuwa tofauti. Bibi yangu hakukaa ndani ya msikiti. Alikaa nje, chini ya dirisha, na wenzake, kanga mbili mbili, akipeleka masikio kwa sheikh na macho kwa wajukuu. Yaliyosemwa ndani aliyarudia uani huku akichovya kaimati kwenye shira. Uani ndiko kulikofanyika tafsiri ya pili, na ndiko Ayubu alikopata wake wawili.

Mke wa Ayubu aliyemjua bibi yangu aliitwa Rehema. Masimulizi ya pwani yanasema kwamba Ayubu alipopoteza mali na watoto, na mwili wake ukaoza, watu wote walimkimbia isipokuwa mkewe. Alifanya vibarua kwenye nyumba za watu ili amlishe. Siku alipokosa kibarua alikata nywele zake, akauza kwa mkate. Kuna utenzi wa zamani wa Kiswahili juu ya Ayubu, na Alice Werner aliuchapisha London mwanzoni mwa miaka ya 1920, lakini bibi hakuhitaji kitabu. Alikuwa amekirithi kisa hicho kutoka kwa mama yake, na wasichana wasiopungua watatu wa mtaa wetu waliitwa Rehema kwa sababu hiyo.

Chumba cha nyuma alipanga mama mmoja kutoka Upareni, Mlutheri, mke wa karani. Alikuwa na Biblia ya mwaka 1952, ile ya Muungano iliyopatanisha tafsiri ya Unguja, ambayo msingi wake uliwekwa na Askofu Edward Steere, na Kiswahili cha wamisionari wa Mombasa. Siku moja bibi alipomaliza kumsifu Rehema, mama yule alisema kwa upole kwamba katika kitabu chake mke wa Ayubu hana jina, na anasema jambo moja tu: anamwambia mumewe amkufuru Mungu, afe.

"Huyo si mke wa Ayubu, mwanangu," bibi akasema. "Huyo ni jirani mbaya."

"Ndiye mkewe, bibi. Imeandikwa sura ya pili."

"Basi alikuwa na wake wawili."

Tulidhani yameisha. Lakini mama yule aliendelea, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Alisema amefikiria sana juu ya mwanamke huyo, kwa sababu kanisani kila mhubiri humlaani. "Watoto kumi waliokufa," alisema, "wana saba na mabinti watatu, walitoka tumboni mwake. Watu wanakuja kumpa pole Ayubu. Nani alikuja kumpa pole yeye?"

Mama yule alikuwa amezika watoto wawili. Sote tulijua. Bibi aliondoa sufuria jikoni. Baadaye akasema kwamba hata Rehema alifiwa na watoto wale wale, na kwamba yeye, kwa miaka yote aliyosimulia kisa hicho, alikuwa akisimulia nywele tu.

Tangu siku hiyo bibi alikisimulia vingine. Rehema wake alilia kwanza, kisha akakata nywele. Hakuna sheikh wala mchungaji aliyempa ruhusa ya kuongeza kilio kile. Alikipata uani kwa jirani, kutoka kitabu cha dini nyingine, na aliona kwamba kilikuwa kinakosekana. Nimesoma wahakiki wengi wa fasihi tangu wakati huo. Sijaona mahali ambapo mhusika alisomwa kwa haki zaidi.

Jambo halikuishia hapo. Masimulizi ya Kiislamu yanasema Ayubu aliapa kumpiga mkewe viboko mia atakapopona, na Kurani, katika sura ya 38, inaeleza jinsi Mungu alivyomwambia ashike kitita cha majani apige nacho, asivunje kiapo. Wanawake wa chini ya dirisha walitaka kujua kwa nini mwanamke aliyeuza nywele zake apigwe hata kwa majani. Bibi akamtuma mjukuu wa kiume apeleke swali kwa sheikh. Jibu lilitoka kwa sauti ili walioko nje wasikie. Aya yenyewe haimtaji mwanamke kwa jina, alisema, wala haizungumzii nywele. Hayo yamekuja katika visa, vingine vimepokewa kutoka kwa Wana wa Israili, na juu ya sababu ya kiapo wanazuoni wamekhitalifiana. Kilicho wazi katika aya ni kwamba Mungu alitafuta njia ya mwanamke yule asiumizwe. Bibi aliridhika nusu. Mama wa Kipare, alipoletewa jibu, alifungua sura ya mwisho ya kitabu chake akaonyesha kitu kingine: mabinti watatu waliozaliwa baada ya msiba wana majina, Yemima, Kezia na Keren-hapuki, na baba yao aliwapa urithi pamoja na kaka zao. Mama yao hatajwi kabisa. Wanawake wale wawili walikaa na jambo hilo siku nyingi.

Watu wa vitabu nao walikuwa wakibishana wakati huo huo, kwa sauti kubwa zaidi. Kurani nzima ilitokea kwa Kiswahili kwa mara ya kwanza mwaka 1923, na aliyeifasiri alikuwa Godfrey Dale, kasisi wa Kianglikana wa misheni ya UMCA, Zanzibar. Aliandika maelezo yaliyokusudiwa kuwasaidia walimu wa Kikristo wajue wanazungumza na nani, na masheikh wengi hawakutaka kuigusa. Mwaka 1953 Waahmadiya wakachapisha yao Nairobi, kazi iliyoongozwa na Sheikh Mubarak Ahmad. Mwaka 1969 ikatoka kamili ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mwanachuoni wa Zanzibar aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na ndiyo iliyoingia katika nyumba nyingi za Kariakoo.

Tafsiri hizo tatu zilisomwa zikiwa zimefunguliwa pamoja, na mahali pa kwanza watu walipokwenda kutazama ni kwa Isa. Waahmadiya walieleza kwamba Isa aliokoka msalabani, akaishi, akafa kifo cha kawaida kama manabii wengine. Al-Farsy katika maelezo yake aliipinga kauli hiyo vikali na kushikilia ile ya Waislamu walio wengi, kwamba alinyanyuliwa akiwa hai na atarudi. Wakristo walioketi barazani walikuwa na ya kwao. Kwa hiyo mtu mmoja, mwana wa Mariamu, alikuwa na miisho mitatu katika mtaa mmoja, na kila mwisho ulikuwa na mtu mwenye kitabu cha kuutetea.

Katikati ya ubishi huo alikuwapo mtu ninayemstahi sana, Kaluta Amri Abedi. Alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akawa sheikh wa Kiahmadiya, akashiriki katika kazi ya tafsiri ya 1953, na mwaka uliofuata akatoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake. Akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri wa sheria, akafariki Ujerumani mwaka 1964 akiwa na miaka 40 tu. Masheikh wa Kisunni walipinga itikadi yake bila kuficha, na washairi miongoni mwao walijifunza vina na mizani kutoka kitabu chake bila kuficha. Kwangu hiyo ni alama ya ustaarabu. Gazeti la Mambo Leo lilikuwa likichapisha mashairi ya kuulizana na kujibizana tangu 1923, na mtu aliyeshambuliwa kwa beti nane alijibu kwa beti nane, kwa bahari ile ile. Ukishindwa vina, hoja yako ilihesabika imeshindwa.

Umbo la utenzi lenyewe lilivuka kuta. Lililelewa karne nyingi na Waislamu wa Lamu, Pate na Mombasa kwa ajili ya visa vya mitume na vita vya mwanzo vya Uislamu. Mathias Mnyampala, Mkatoliki kutoka Ugogoni, mwenyekiti wa chama cha washairi cha UKUTA, akalichukua akatunga Enjili mwaka 1963 na Zaburi mwaka 1965. Julius Nyerere akafuata akiwa mzee, na tenzi zake za Injili nne na Matendo ya Mitume zikachapwa na Wabenediktini mwaka 1996. Nimewahi kuzisoma kwa sauti mbele ya mzee mmoja aliyehitimu Kurani utotoni. Alitikisa kichwa kwa mahadhi kabla hajatambua maneno ni ya nani, na alipotambua hakuacha kutikisa.

Nyerere huyu alikuwa amekaa nasi. Alipoacha ualimu Pugu mwaka 1955 aliishi kwa muda nyumbani kwa Abdulwahid Sykes, hapa Kariakoo, kabla ya kuhamia Magomeni, na aliketi na wazee wa mji kwenye mabaraza yale yale. Sidhani ni bahati tu kwamba alipochagua kumfasiri Shakespeare alianza na mchezo wa Kaizari, ambamo watu wawili wanasimama mbele ya umati, mmoja baada ya mwingine, kueleza maana ya kifo kimoja, na umati unapaswa kuamua. Tafsiri ya kwanza ilitoka 1963, akairekebisha ikatoka tena 1969, mwaka ule ule aliotoa Mabepari wa Venisi. Samweli Mushi naye alikuwa ameshampa msomaji wa Kiswahili Makbeth mwaka 1968.

Nilisoma michezo yote miwili ya Nyerere shuleni kati ya 1971 na 1973, na miaka hiyo haikutuacha tuisome kwa utulivu. Aprili 1971 sheria ya kutaifisha majengo ilikuwa imepita, na ghorofa nyingi za Wahindi katikati ya mji zilichukuliwa. Tulipofika kwa Shylock, darasa zima lilimjua. Tulikuwa na duka lake kichwani, daftari lake la madeni, mizani yake. Mwalimu alituacha tuseme, kisha akamgeukia mwenzetu mmoja, msichana wa Kihindi, ambaye ghorofa ya familia yake Mtaa wa Uhuru ilikuwa miongoni mwa zilizochukuliwa. Hakumshurutisha. Alimwambia, ukitaka kusema, sema. Yule msichana alisimama akasoma upya maneno ya Shylock anapouliza kama Myahudi hana macho, hana mikono, hatokwi damu akichomwa. Akayasoma taratibu, akakaa. Kisha akasema Shylock alikosa kutaka nyama ya mtu, lakini kabla hajataka nyama alikuwa ametemewa mate, na sisi tulikuwa tumeruka sehemu ya mate.

Ilikuwa kweli, tulikuwa tumeiruka. Mwalimu alitufungulia ukurasa tukausoma, na somo la siku ile likawa Antonio, yule mwema ambaye hatukuwa tumemuuliza swali hata moja.

Na Kaizari: tulikuwa katikati ya mchezo Rais Karume alipopigwa risasi Zanzibar, tarehe 7 Aprili 1972. Tuliporudi darasani mwalimu aliuliza, kwa sauti ya kawaida, Brutus aliua kwa sababu gani. Wengine walisema wivu, wengine walisema Kasio alimdanganya. Kijana mmoja wa Gerezani alisema Brutus aliipenda Roma kweli, na kwamba hilo ndilo linalotisha. Mwalimu aliandika jibu hilo ubaoni, hakuandika jingine.

Katika miaka ya 1980 mambo yalibadilika, na nataka kuyaeleza kwa uangalifu kwa sababu majirani zangu walikuwa pande zote mbili. Kanda za Ahmed Deedat, mhubiri wa Afrika Kusini, zilifika, na wahubiri wa Kiislamu waliojifunza Biblia sura kwa sura wakaanza mihadhara ya wazi. Waliojulikana zaidi ni Ngariba Musa Fundi na Mohamed Ali Kawemba, ambao kitabu chao, Uislamu katika Biblia, kilitoka 1987. Nilihudhuria mihadhara kadhaa. Kilichonishangaza ni umbo lake. Kulikuwa na msomaji na mfafanuzi, vile vile kama darsa, ila sasa kitabu kilichofunguliwa kilikuwa Biblia. Msomaji alisoma, mfafanuzi akamkata: hapo hapo, rudia! Umati ukapiga takbiri. Wahubiri wa Kikristo nao wakajibu kwa viwanja vyao na spika zao.

Sitawabeza watu wale. Vijana wauza mitumba wa Mtaa wa Kongo, ambao hakuna chuo kilichowapokea, walijua Yohana 14 na Kumbukumbu la Torati 18 kwa kichwa. Walijifunza kudai andiko badala ya kukubali uvumi, na hilo si jambo dogo. Lakini kitu kilipotea, na nilikiona kikipotea. Katika darsa msomaji alisoma fungu zima kisha mtu akauliza. Katika mhadhara msomaji alikatwa pale pale neno lilipofaa, na lililofuata halikusomwa. Hakuna aliyesema wanazuoni wamekhitalifiana. Ayubu hangeweza kupata mke wa pili kwenye uwanja ule, kwa sababu kila upande ulikuja ukiwa na mmoja na ulitaka kuondoka na huyo huyo.

Mwisho wake ulikuwa mchungu. Malalamiko ya kashfa yalifika serikalini, wahubiri wakakamatwa, na Februari 1998 watu waliuawa kwa risasi za polisi katika vurugu za msikiti wa Mwembechai, Magomeni. Hamza Njozi, mwalimu wa fasihi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika kitabu juu ya mauaji hayo, kikatoka mwaka 2000, nacho kikapigwa marufuku. Nilikuwa nafundisha wakati huo. Wanafunzi wangu Waislamu na Wakristo walianza kukaa madawati tofauti, na kwa mara ya kwanza nilisikia mtoto akisema kuhusu mhusika wa kitabu, "Huyo si wa kwetu, sina la kusema."

Shule nayo ilikuwa ikichangia kwa njia yake. Baada ya Azimio la Arusha uhakiki wetu ulikuwa umejifunza kumuuliza kila mhusika ni wa tabaka gani, na swali hilo lilikuwa zuri lilipokuwa jipya. Likaganda. Mtihani ukataka dhamira, wahusika na sifa zao, ujumbe, falsafa ya mwandishi, na kando ya soko zikazaliwa meza za notsi zilizotolewa nakala, ambamo Kinjeketile ana sifa tano na zote zimeshakaguliwa. Mtoto anazinunua, anazikariri, anafaulu. Nimesahihisha majibu hayo kwa marundo. Hayana kosa, na hayana mtu aliyewahi kumbishia mwandikaji.

Nyumba za vyumba sita zinakwisha. Ghorofa imepanda, baraza limekuwa fremu ya duka, na uani kwetu sasa ni ghala la viatu. Darsa za Ramadhani zipo bado, nyingine redioni na nyingine kwenye simu, na masheikh vijana wanasoma vizuri. Tangu nilipostaafu nimekuwa nikikusanya kanda za darsa za miaka ya 1970 na 1980 kutoka familia za mtaani, zile zilizorekodiwa kwa redio kaseti iliyowekwa karibu na marufaa. Naziandika neno kwa neno, maswali pamoja na majibu, na hata kikohozi nakiwekea alama. Maswali ndiyo magumu, kwa sababu muulizaji alikuwa mbali na kinasa sauti, na ya wanawake ndiyo magumu kupita yote, maana yanatoka nje ya dirisha na mara nyingi ni mtoto anayeyapeleka. Kanda moja ya sura ya 38 nimeirudia sana. Sheikh anajibu jambo la mke wa Ayubu kwa kirefu, kisha sauti ya mtoto inaongeza kitu, na sheikh anasema, "Mwambie bibi yako, hilo nalo nitalitazama, kesho." Kanda ya kesho yake sijaipata. Familia mbili za Mtaa wa Narung'ombe zina masanduku ambayo bado hatujayafungua.